Nyayo za Maji

12 Desemba 2012
Milimita 14.

Nimenunua daftari hili kwa sababu fomu ya ofisi haina mahali pa kuuliza. Fomu inaitwa Taarifa ya Mabadiliko ya Tabianchi, ina kurasa nne, na safu ya mwisho imeandikwa "Changamoto". Upana wake ni vidole viwili. Mwenye changamoto nyembamba itamtosha. Mimi nina maswali, na maswali yangu yamenona.

Kwa atakayeliokota: naitwa Kissa, bibi shamba wa hifadhi ya udongo, Mbulu. Nimezaliwa Tukuyu, kule ambako mvua hainyeshi bali inaishi. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Nimepanga chumba Endagikot, na kipima mvua changu kiko uani, mbali na kuku. Kila saa tatu asubuhi nakisoma. Mama mwenye nyumba alishaniuliza kama serikali inanilipa kuangalia maji kwenye kopo. Nikamwambia ndiyo. Akaitikia "haya" kwa namna ambayo bado inanichoma.

13 Desemba
Hakuna.

15 Desemba
Milimita 3.

Cheti chetu kimewekwa kioo na kutundikwa kwenye korido. Ni cha hifadhi ya udongo, kwa kazi ya Endaharo, kijiji chetu cha mwisho kusini kabla ya kuingia wilaya ya Hanang. Makingamaji ishirini na mbili, yaani mitaro inayokata mteremko ili maji ya mvua yasishuke na udongo. Wanakijiji walichimba kuanzia Julai hadi Oktoba. Mistari yote niliipima mimi, kwa fremu ya A, ile ya miti mitatu na kamba yenye jiwe, na kila mtaro nikaupigia kigingi chekundu chenye namba kwa mkono wangu. Leo nimepita mbele ya cheti mara tano. Mara mbili nilikuwa na sababu.

19 Desemba
Milimita 9.

Juzi ilikuja barua kutoka Hanang. Wanasema kijiji chao cha Gidamari, kinachopakana na Endaharo yetu, kina korongo linalokua "kwa kasi isiyo ya kawaida", na wanaomba mtaalamu wetu aje kuona. Bwana Vitalis, mkuu wangu wa idara, ameisoma akiwa amesimama, ishara kwamba haipendi. "Nenda ukaone," amesema. "Kuona tu, Kissa. Usiahidi."

Leo nimekwenda. Mwenzangu wa Hanang alikuwa ananisubiri mpakani na pikipiki. Anaitwa Reginald, mtu wa Moshi, anakaa Nangwa, na ana sauti ya mtangazaji wa mpira. Alinipeleka moja kwa moja kwa Mama Kornelia.

Huyu mama ni mjane, umri wa miaka sitini na kitu. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, bati ishirini na nne, aliijenga mwenyewe baada ya mume kufariki, kwa kuuza vitunguu saumu msimu hadi msimu. Ana jiko la nje, mbuzi wanane, na mahindi yaliyofika magotini. Nyuma ya jiko, ardhi inaisha. Nilitarajia ufa. Nilikuta shimo ambalo ng'ombe akisimama ndani huoni pembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu uone mgeni wangu. Mwaka jana nilikuwa nalivuka kwa kuruka, na unayaona magoti yangu."

"Limeanza lini kukua?"

"Mvua ya kwanza tu, Novemba. Lilikula usiku mmoja kama lilikuwa limefunga."

Nilihesabu hatua kutoka ukingo hadi kizingiti cha mlango wa nyumba. Arobaini na moja.

Nikaona njia za ng'ombe zikishuka kila upande, na jibu nikalipata hapo hapo: mifugo ya Hanang. Nilimwambia Reginald. Akasema ng'ombe wale wamepita pale tangu babu zao. Nikasema babu zao walikuwa wachache. Tukaachana bila kupeana namba za simu. Mbuzi mmoja, jike jeupe, alikuwa amefungwa kwenye kigingi karibu na jiko, akinitazama kwa dharau ya wazi.

24 Desemba
Milimita 6. Heri ya Krismasi kwa wote isipokuwa Reginald.

8 Januari 2013
Milimita 22.

Nina jambo linaloniwasha. Nimejumlisha mvua tangu Novemba: 131. Msimu uliopita hadi tarehe hii: 204. Mvua imepungua kwa zaidi ya theluthi, halafu korongo linakimbia. Basi ningependa mtu anieleze maji machache yanakulaje zaidi ya maji mengi. Nimemuuliza Bwana Vitalis. Amesema, "Tabianchi." Amelitamka kama mtu anayefunga dirisha.

Nimekwenda Gidamari siku yangu ya mapumziko, bila barua. Hatua thelathini na sita.

Mama Kornelia alinipa chai ya maziwa na kunionyesha kitu nilichopaswa kukiona mwenyewe. Udongo wake ni mweusi. Matope yaliyoko chini ya korongo ni mekundu.

"Huu si wa kwangu," alisema. "Nimelima hapa miaka thelathini. Udongo wangu naujua kama unga wangu."

17 Januari
Milimita 0.

Nimemeza maneno yangu na kumpigia Reginald. Namba alinipa Mama Kornelia, ambaye anashangaa watu wazima wawili kutosalimiana. Tumekutana hotelini Dongobesh, hoteli ya chai na maandazi. Kila mmoja alileta ramani yake. Yangu ya Mbulu ina kila kisima na kila kilima, halafu ikifika mpakani inakuwa nyeupe. Yake ya Hanang ni hivyo hivyo, nyeupe upande wetu. Tangu nianze kazi nimeitazama nyeupe ile na sijawahi kujiuliza kama kuna watu wanaishi humo.

Tulizipanga juu ya meza, tukasogeza sukari, tukaziunganisha. Vilima vilikutana na vilima. Reginald akasema polepole, bila ile sauti ya mpira, "Kumbe ni mteremko mmoja."

Mitaro yangu ishirini na mbili nilikuwa nimeichora kwa kalamu ya bluu. Yote inaishia pale karatasi yangu inapoishia. Reginald aliitazama, akanitazama, akaagiza andazi jingine. Mimi nikakunja ramani, nikasema lazima niwahi gari.

Kingamaji zuri huachwa na mteremko kidogo sana, ili mvua ikizidi maji yatoke taratibu mwishoni. Kila mwanafunzi wa chuo anajua. Maji hayo ni machache. Nitaangalia.

2 Februari
Hakuna. Sijaangalia.

9 Februari
Hakuna. Mahindi yanajikunja. Kila mtu anaomba mvua, na mimi naomba kwa sauti ndogo isinyeshe Gidamari. Sijui Mungu anapokea vipi maombi ya afisa mmoja kwa wilaya mbili.

21 Februari
Milimita 17, ghafla, saa kumi jioni. Reginald amepiga simu: hatua ishirini na nane.

Nimeingia kwa Bwana Vitalis na kusema tufanye kazi pamoja na Hanang. Alinisikiliza vizuri, hilo namshukuru. Kisha akanifundisha ulimwengu ulivyo. Mimi sina mamlaka ya kupiga kigingi hatua moja ndani ya Hanang. Reginald hana mamlaka ya kuziba mtaro hatua moja ndani ya Mbulu. Mpango kazi wangu unaishia mpakani na wake pia.

"Hakuna kikao chochote cha pamoja?" nimeuliza.

"Kipo kimoja. Ujirani mwema."

"Kinazungumzia nini?"

"Wizi wa ng'ombe, ulinzi na bonanza la mpira."

"Ajenda ya kwanza inasemaje hasa, mkuu?"

Alitafuta faili. Alisoma: "Mali iliyovuka mpaka bila ridhaa ya mwenyewe."

Tulitazamana. Sikuwahi kujua kwamba Bwana Vitalis ana mwanya mpaka leo alipocheka.

6 Machi
Milimita 11 jana.

Ujirani mwema, darasa la tano, shule ya msingi Gidamari. Wenyeviti wa vijiji, madiwani na maafisa, magoti yamebanwa na madawati. Mama Kornelia alisimama kwenye ajenda ya kwanza. Alisema ameibiwa. Wakamuuliza ng'ombe wangapi. Akasema, "Robo eka."

Walicheka. Alisubiri wamalize, mikono imekunjwa, kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Hapo akainuka Gidabuday, mfugaji wa Gidamari, Mbarbaig, mrefu, shuka jeusi, mtu ambaye wilaya zote mbili humwita ng'ombe wakipotea. Alisema kwa kifupi. Mali ikiibwa, nyayo zinafuatwa. Zikifika mpakani, kijiji cha upande wa pili kinaitwa kuzipokea. Kikishazipokea, ni zake: ama kizitoe nje ya mipaka yake, ama zikiishia kwake, kilipe. Hivyo ndivyo walivyokubaliana miaka yote. "Sijaona palipoandikwa kwamba lazima mwizi awe na miguu," alimaliza.

Basili, mwenyekiti wetu wa Endaharo, alipinga. Ni mzee wa buti za mpira na kauli nzito, na shamba lake ndilo lenye makingamaji yaliyopigwa picha ya cheti. "Ng'ombe ana kwato. Maji yana nini?"

"Tutaona," alisema Gidabuday.

Nimegundua kwamba nilikuwa na hamu kubwa kuliko woga.

9 Machi
Milimita 19, zilinyesha alfajiri. Reginald alisema ni bahati, nyayo ni mbichi.

Tulianza saa mbili asubuhi kwenye korongo. Hatua kumi na tisa tu zimebaki. Tulikuwa watu kama kumi na tano. Gidabuday alitangulia, fimbo mkononi, haongei. Nilidhani ataokota dalili za siri. Kumbe alikuwa anatazama mambo yale yale ambayo mimi nimeyasomea: majani yaliyolala yameelekea wapi, matope mekundu yamekaa upande gani wa jiwe, mabua yamenasa kwenye kichaka kwa urefu gani. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na cheti cha kulinda.

Ilituchukua saa nzima kufika mpakani, njia ya magari yenye majani katikati. Pale alisimama. Akachora duara kwa fimbo kuzunguka mahali ambapo tope jekundu lilivuka njia. Mama Kornelia alikuwa amebeba sufuria. Aliigeuza, akafunika alama, kama wanavyofunika unyayo wa mwisho mvua isiufute.

"Mwenyekiti wa Endaharo," aliita Gidabuday, ingawa Basili alikuwa mita mbili tu. "Njoo upokee nyayo zako."

Nilimwona Basili akiwaza. Angeweza kukataa, na ukikataa nyayo, kwa watu hawa, umeshakiri. Aliinama, akafunua sufuria, akatazama. "Nimepokea," alisema. Akawa yeye wa mbele.

Basili alifuatilia kwa hasira ya mtu anayetaka kuzitoa kijijini kwake haraka. Tulipanda. Tope liligawanyika. Njia moja ikawa tatu, tatu zikawa saba, saba zikawa nyingi. Kila moja nyembamba kama ya mbuzi. Mwisho wa kila moja palikuwa na mdomo wa mtaro. Mtaro safi, kingo zimepandwa matete, mteremko wake mzuri kabisa, nusu kwa mia, unaelekea chini, kusini, mpakani. Mtaro mmoja unatoa maji machache, kweli. Lakini ipo ishirini na mbili. Mvua ambayo zamani ilishuka mlima mzima ikitawanyika na kunywewa njiani, mimi niliikusanya, nikaielekeza na kuiachia sehemu moja. Niliiachia kwenye nyeupe.

Basili alisimama juu ya mtaro wa kumi na saba. Ukingo ulikuwa umebomoka, na mahali pa kigingi palikuwa na tundu.

"Hapa pana kigingi kimetoka," alisema.

"Chekundu?" aliuliza Mama Kornelia. "Kina namba?"

"Ndiyo."

"Ninacho. Kililetwa na maji ya Novemba. Nikasema, kigingi kizuri, nimfungie mbuzi."

Reginald alitazama viatu vyake. Alijua tangu siku ya maandazi, na hakusema, akaniachia nafasi niseme mwenyewe. Mimi nikamdhania mjivuni. Nilihisi aibu inapanda kutoka kwenye nyayo mpaka masikioni.

Nilisema, "Nyayo zimeishia kwangu. Wao walichimba nilipopima. Aliyepima ni mimi peke yangu."

Nilitamani Mama Kornelia anitukane. Aliniuliza, kwa kutaka kujua tu, "Hukujua kwamba chini kuna watu?"

"Ramani yangu inaishia pale njiani, mama."

"Ahaa," alisema. Hakuna neno lililowahi kuniumiza kama hilo.

10 Machi
Sikutoka. Milimita 4.

12 Machi
Bwana Vitalis ameniandikia barua ya kutaka maelezo. Ni lazima, amesema, na ameiandika kwa heshima. Halafu ametoka koridoni, akashusha cheti, akakiegemeza ukutani kikiwa kimegeuka. Aliomba kigingi nacho kiletwe ofisini kiwe kielelezo. Nilimpigia Mama Kornelia. Amekataa. "Maji yalinipa mimi. Ninyi mna vingine ishirini na moja." Amekikita kwenye ukingo wa korongo. Kikianguka, amesema, atahamia kwangu Endagikot na mbuzi wote wanane.

Hatua kumi na saba.

15 Machi
Milimita 8.

Mimi na Reginald tumepima siku nzima, kila mmoja na fremu yake, kuvuka mpaka mara nyingi mpaka tukaacha kuhesabu. Dawa ipo. Unahitajika mfereji mkuu mmoja, mpana, wenye majani, upokee mitaro yote na kuyapeleka maji magharibi hadi lambo la zamani la Gidamari, ambalo limekauka kwa kukosa maji. Ndiyo. Wafugaji wa chini wanalia hawana maji, na maji yanapita nyuma ya jiko la mama yakienda kuharibu. Nilimwambia Reginald inachekesha. Akasema itachekesha Mei, mvua zikiisha.

Tatizo: mita mia tatu za kwanza zinapita katikati ya shamba bora la Basili. Mia nne za mwisho zinapita malisho ya Gidabuday.

18 Machi
Nimekwenda kwa Basili peke yangu kuomba njia ya mfereji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakunikaribisha kukaa. Tukasimama kwenye mahindi yake.

"Unajua, bibi shamba, zamani ukija ugonjwa, au viwavi, wazee wetu walikuwa wanakisindikiza kile kibaya mpaka mpakani. Wanakiacha pale. Kwetu mpakani ndipo kitu kinapoisha. Wewe ulipotuambia tutoe maji mpakani, hakuna hata mmoja aliyeona ajabu."

"Na waliokuwa upande wa pili, mzee?"

Alikata bua la hindi, akalitafuna. "Nimeanza kuwafikiria tarehe tisa," alisema. "Sifa kwangu siioni hapo: watanihesabu mimi ndiye niliyepokea nyayo nikashindwa kuzitoa. Chimba. Lakini upite ukingoni mwa mahindi, usipite katikati. Nimekwambia chimba, sijasema ufurahi."

19 Machi
Milimita 0. Gidabuday ametoa njia kwenye malisho yake, na wakurugenzi wa wilaya zote mbili wamesaini muhtasari wa ujirani mwema. Bwana Vitalis na mwenzake wa Hanang waliusukuma kwa siku moja, kitu ambacho sijawahi kuona. Umeandikwa: "Mali iliyovuka mpaka: udongo. Hatua: vijiji vyote viwili kuchimba. Maafisa wa pande zote kusoma mvua kwa wakati mmoja na kupeana taarifa." Maana yake mimi na Reginald tutapigiana simu kila saa tatu asubuhi kama wachumba.

23 Machi
Zimebaki mita mia nne na kumi. Endaharo wanachimba kutoka juu, Gidamari kutoka chini.

28 Machi, Alhamisi Kuu
Milimita 38.

Simu ya Reginald ilikuja kabla ya saa yetu. Jiko limekwenda. Nilipanda bodaboda mpaka mpakani na kushuka mbio. Mafiga matatu yalikuwa chini ya korongo, bado yamekaa kama yalivyokaa, na moshi mdogo. Mama Kornelia alikuwa nje akiwa amewaondoa mbuzi. Hakuwa analia. Alikuwa amekishika kigingi. Kimeanguka, amekiokota na kukikita tena, nyuma zaidi.

Hatua nane.

Nilimwambia ahamie kwangu. Akasema nyumba ikiachwa peke yake inakata tamaa. Watu wa Endaharo walifika na majembe wakaanza kung'oa bati sita za upande wa korongo, waziokoe. Aliwaacha wang'oe mbili, kisha akaweka mkono kwenye ngazi. "Zilizobaki ziacheni. Malizieni mfereji."

Umebaki mita mia moja na themanini, na kesho ni Ijumaa Kuu. Hakuna Mkristo wa huku atakayeshika jembe. Nilimwambia Reginald nitachimba mwenyewe, Mungu atanielewa au atanielekeza.

29 Machi, Ijumaa Kuu
Milimita 2.

Nilifika saa moja asubuhi na jembe nililoazima, nikiwa na dhambi yangu tayari. Nikakuta watu arobaini wanachimba. Gidabuday na ukoo wake, mashuka yameviringishwa kiunoni, wengine nimeambiwa hawajawahi kushika jembe kwa hiari maishani. Hawakuwa upande wao. Walikuwa juu, Mbulu, kwenye kipande cha Basili.

"Leo ni sikukuu yenu," alisema Gidabuday. "Sisi hatuna leo."

Saa nane, ibada ilipokwisha, Basili alitokea na nguo zake za kanisani. Alitazama. Hakushika jembe. Alileta ndoo ya maziwa ya mgando, akaanza kuwanywesha wachimbaji mmoja mmoja, na kikombe cha kwanza akampa Gidabuday kwa mikono miwili. Nililia nyuma ya mahindi. Nasema wazi kwa sababu hii si fomu.

2 Aprili
Milimita 5. Wote pamoja sasa. Zimebaki mita themanini.

6 Aprili
Zimebaki arobaini. Mikono yangu imeota vitu ambavyo sikuvisomea.

9 Aprili
Umekutana. Hakuna hotuba. Jembe la mtu wa juu liligonga jembe la mtu wa chini, wakatukanana kidogo kwa furaha. Tumegeuza midomo yote ishirini na mbili ya mitaro ielekee mferejini. Wa kumi na saba niligeuza mimi.

10 Aprili
Hakuna. Sasa naomba inyeshe. Halafu naomba isinyeshe. Majani ya mfereji bado hayajashika vizuri.

14 Aprili
Milimita 7. Mfereji umeyapeleka taratibu. Ni mvua ya kitoto, hainiambii kitu.

18 Aprili
Milimita 71.

Sijawahi kuandika namba hii tangu nitoke Tukuyu. Kipima mvua kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Saa tatu kamili nikampigia Reginald. Yeye ana 66. Nikampigia Mama Kornelia: simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Bwana Vitalis alichukua funguo za gari la idara bila kujaza fomu.

Tulipita juu kwanza, maana ndiko barabara iliko. Mfereji ulikuwa unaenda, mwekundu, mpana, hauna haraka. Sehemu moja ulikuwa umebomoa ukingo na kulaza mistari mitatu ya mahindi ya Basili. Basili alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini akiziba kwa magunia. Hakututazama. Alinyoosha mkono tu kuelekea chini, twende.

Reginald alitukuta njiani. Alikuwa amepita lamboni. "Lina maji!" alipiga kelele, sauti yote ya mpira imerudi. "Ng'ombe wamesimama wanalishangaa!"

"Na nyumba?"

"Sijafika."

Nilitembea hatua za mwisho nikiwa natazama chini. Niliona kwanza kwato za mbuzi kwenye tope. Kisha korongo: chini kulikuwa na dimbwi dogo, tulivu, la mvua iliyoanguka humo humo. Ukingo haukuwa na kidonda kipya. Na nyumba, bati zake ishirini na mbili, imesimama.

Mama Kornelia alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage. Simu ilikuwa imekwisha chaji, ndiyo yote. Nilimwamkia. Nikafanya kile ninachokijua: nikaanza kuhesabu kutoka ukingoni. Nane.

"Ni kumi na moja," alisema. "Nimeshapima. Wewe una miguu mirefu, miezi yote hii ulikuwa unanitisha bure."

Bwana Vitalis alikiona kigingi namba 17 pale ukingoni, kimesimama wima. Aliuliza kwa adabu kama sasa ofisi inaweza kukipata, tukitundike koridoni mahali pa cheti.

Mama alisimama, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda kukichomoa. Nilidhani anampa. Alitupita na kukikita karibu na nyumba, akakipiga jiwe mara nne. Kisha akamleta yule mbuzi jike jeupe, akamfunga.